SSD mpya yakataa Windows, nisaidieni

kijana_kisauni: Wadau salaam, nina HP ya kitambo, i5 kizazi cha nne, diski yake ilianza kulia tik tik tik nikaona isije ikaniachia njiani nikanunua SSD, diski za kisasa zisizozunguka, ya 240GB. Kuifunga si kazi, skrubu tu, na BIOS, ile programu ya mwanzo ya mashine, yaiona. Sasa nimeanza kuinstoli Windows 10 na flashi, nikifika pale pa kuchagua diski yaniambia haiwekeki ati diski ni ya MBR. Fundi wa mtaani ataka nimlipe kazi na tena pesa ya laiseni juu. Nifanyeje?

mzee_wa_kebo: SSD ni nzima hiyo. Flashi yako imewaka kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine, na UEFI yataka diski iliyopangwa kwa mtindo mpya wa GPT, yako iko kwa ule wa zamani wa MBR, ndio hapo wagombana. Ukiwa papo hapo bonyeza Shift na F10, kitatokea kidirisha cheusi, andika diskpart, halafu list disk. Tizama ukubwa, hiyo ya 240 itajiandika kama 223 usishtuke. Ikiwa ndiyo namba 0 andika select disk 0, kisha clean, kisha convert gpt. Ila hiyo clean yafuta kila kitu wala haikuulizi mara mbili, kwa hivyo diski ya zamani iwe nje kabisa.

binti_tudor: Na laiseni usimpe mtu hata ndururu. Kama Windows 10 ilikuwa imeaktiveti kwenye mashine hiyohiyo, laiseni imeshikana na mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine, sio diski. Ikikuuliza kii mwambie huna, weka aina ileile, Home kwa Home, Pro kwa Pro, ukiingia intaneti yajikubali yenyewe. Ila ujue Microsoft waliacha kuisapoti 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi yataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, chipu ya usalama, yako haimo. Mie ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, nikatulia.

kijana_kisauni: Shukran sana! Mint nitaifikiria, ila ofisini watumia Excel ya Windows. Na picha za harusi ya dadangu ziko kwa ile diski inayolia, zatoka?

mzee_wa_kebo: Yakhe, ungeanza na hilo! Usiiwashewashe. Tafuta kebo ya SATA kwenda USB, yaani ya kuunga diski na tundu la USB, chomeka kwa mashine nyingine, toa picha kwanza, mafilamu baadaye. Ikikwama usiilazimishe, na usiifungue kifuniko ati uitizame ndani, vumbi kidogo tu yaiua.

kijana_kisauni: Poa, kebo naitafuta kesho mjini.