Kujua kama kampuni ya Nairobi imepelekwa kufilisiwa: Gazeti Rasmi, Milimani au Mpokeaji Rasmi?

MamaTrei (Limuru)
Wadau, hamjambo. Mimi nauza mayai. Kuna duka kubwa Nairobi linataka niwapelekee trei 200 kila Jumatatu na Alhamisi, malipo baada ya siku 90. Mwenzangu wa maziwa kaninong'oneza kwamba wameshapelekwa kortini na wadai. Wenyewe wanasema ni porojo. Nawakumbuka waliokuwa wakiuzia Nakumatt, lile duka kubwa lililoanguka na madeni, kwa hiyo mdomo wa mtu hautoshi. Nimetajiwa njia tatu: Gazeti Rasmi, masijala ya korti ya Milimani, na ofisi ya Mpokeaji Rasmi, yule ofisa wa serikali wa mambo ya ufilisi. Nianze na ipi, na ipi ni kupoteza nauli tu?

KaraniMstaafu
Mama, usipande matatu bado. Ukifika masijala bila namba ya kesi utaulizwa "namba gani?" na mazungumzo yataishia hapo. Faili hupangwa kwa namba na mwaka.

Anza na Gazeti Rasmi. Hutoka kila Ijumaa, na matoleo maalum inapobidi, na kwenye tovuti ya Kenya Law unalisoma bure. Mtu akiomba korti ifilisi kampuni, ombi hutangazwa humo: jina la kampuni, namba ya ombi, siku ya kusikizwa, na wito kwa mdai yeyote anayetaka kuunga mkono au kupinga. Ukishapata namba hiyo, Milimani patafunguka. Za siku hizi huwa na herufi E mbele, tangu kesi zianze kuwasilishwa kwa mtandao Nairobi Julai 2020.

Na utafute kwa jina lililosajiliwa, si lile la kwenye kibao. Hapo ndipo wengi huambulia patupu wakadhani mambo ni shwari.

WakiliMchovu
Karani kasema kweli, ila Gazeti litakwambia tu kwamba ombi limeingia. Limeishaje? Huenda walilipana wakaliondoa. Kwa hilo, rudi Kenya Law upande wa hukumu, ni bure pia. Jaji akiwa ameandika uamuzi utakuta kisa kizima: nani anadai, kiasi gani, kampuni ilijiteteaje. Ambapo hajaandika, hukumu hazitakusaidia, na hapo ndipo kuperuzi faili Milimani kunalipa: unaandika ombi, unalipa ada, unasoma. Nakala ina malipo yake.

Jambo ambalo hata mawakili wachanga husahau: si kila kampuni inayoanguka huangushwa na korti. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mkopeshaji mwenye dhamana inayofunika mali yote ya kampuni anaweza yeye mwenyewe kumteua msimamizi ("administrator", anayeshika kampuni badala ya wakurugenzi), korti ikapelekewa notisi tu. ARM Cement iliingia mikononi mwa wasimamizi kwa mlango huo Agosti 2018. Nakumatt ilipitia kwa jaji: msimamizi aliwekwa Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Anayetafuta "ombi la kufilisi" peke yake atampata mmoja na kumkosa mwingine. Tafuta jina la kampuni pamoja na neno "msimamizi", kwa Kiingereza chake maana Gazeti halijui Kiswahili.

FundiMabati
Mimi niliumia kwa njia nyingine. Nilitoa CR12, ile hati ya usajili inayoonyesha wenye kampuni, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, safi kabisa, wakurugenzi wanaonekana, wenye hisa wanaonekana. Nikatoa mabati kwa mkopo, na mzee mmoja akasaini kama mdhamini. Kampuni ilipokwama nikamgeukia mdhamini. Kumbe alikuwa muflisi tangu mwaka uliotangulia! Nilikagua kampuni, mtu sikumkagua.

KaraniMstaafu
@FundiMabati pole. Hilo ndilo la Mpokeaji Rasmi, ambaye yuko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Yeye ndiye anayetunza rejista ya watu waliotangazwa muflisi. Tena kuna wadaiwa ambao Milimani huwezi kuwaona hata ukilala pale: asiye na mali, mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, huenda moja kwa moja kwa Mpokeaji Rasmi bila kupitia kwa jaji, na baada ya miezi 12 huachiliwa. Muflisi wa kawaida huachiliwa miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake.

Ukiuliza, peleka namba ya kitambulisho. Kwa jina tupu, akina Kamau na akina Otieno utarudishiwa rundo la watu, na utamchafulia jina asiyehusika.

Mjomba_Minneapolis
Mnajitesa. Huku Marekani kesi za ufilisi ni za korti za shirikisho, zote ziko PACER, mtandao wa faili za korti hizo. Unaandika jina, ukurasa senti 10, hati moja haizidi dola 3, na usipovuka dola 30 kwa robo mwaka hulipi kitu. Ukienda kortini mwenyewe kuna kompyuta ya umma, kusoma bure.

WakiliMchovu
Hongera mjomba. Mama yuko Limuru.

JiraniWaDar
Sisi angalau jina la ofisi linajieleza: RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Watu wanaijua kwa vyeti vya kuzaliwa tu, lakini ufilisi umo humo humo. Na hukumu tunasoma TanzLII bila malipo.

BintiWaPosta
Swali dogo: na kama ni benki?

WakiliMchovu
Benki ina mlango wake, Shirika la Bima ya Amana. Imperial na Chase zote zilipitia huko.

MamaTrei (Limuru)
Nimerudi. Jina la kwenye kibao halikunipa kitu. Nikamwomba mpwa wangu anitolee CR12, kumbe jina lililosajiliwa ni jingine kabisa. Nikaliingiza kwenye Gazeti, nikapata ombi lenye E mbele, la miezi miwili iliyopita. Upande wa hukumu, hakuna kitu.

Jana nikaenda Milimani na namba yangu mkononi. Nimelipa, nimekaa kwenye benchi, nimesoma. Anayedai ni muuza unga, na ankara zake ni za siku 90 kama zangu zitakavyokuwa. Kesi itatajwa mwezi ujao. Kwa hiyo hawajafilisiwa, lakini porojo haikuwa porojo.

Nimewapigia nikawatajia namba ya ombi. Kimya kidogo, kisha meneja akaniita "mama yetu". Trei za Jumatatu wamekubali kulipa taslimu zikishushwa. Za Alhamisi bado tunavutana.