Nimelipa elfu 31 na mia tano kwa sababu ya 5G, na laivu bado inaganda nikiwa nimeinua kiatu

Wadau, nina hasira na sitaandika kwa mpangilio. Mnivumilie.

Nauza viatu vya mtumba Gikomba, Nairobi. Anayelijua soko anajua pesa iko alfajiri, robota likikatwa kamba. Kila mtu anarukia kamera, na kamera hapa si ya simu, ni ile pea ya chaguo la kwanza, soli haijalika, kamba bado nyeupe. Mwaka wa pili huu kamera zangu nyingi huwa zimepata mwenyewe kabla jua kutoka, kwa sababu saa kumi na moja na robo niko laivu, video ya moja kwa moja mtandaoni. Nainua kiatu, nataja saizi, napinda soli waone, mtu wa Nyahururu anaandika "changu", Mpesa inalia, mchana mzigo unapanda gari River Road. Simu kwangu ni kibanda cha pili.

Mwezi uliopita simu yangu ya zamani ikavimba betri mpaka skrini ikaanza kuinuka upande mmoja. Nikatenga elfu ishirini, nikaenda maduka ya simu ya Luthuli kutafuta ya 4G, yenye betri ya kudumu, basi. Kijana wa dukani akanipima kwa macho, akaniuliza natumia simu kwa kazi gani. Nikamwambia. Hapo ndipo nilipojimaliza.

"Sista, laivu na 4G mwaka huu? Ndiyo maana wateja wanakukimbia. Chukua hii, 5G, imetoka Marekani, safi kama mpya. Usiniamini mimi, jionee."

Akafungua programu ya kupima kasi. Mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama kwenye megabiti 180 na kitu kwa sekunde. Mimi nimezoea kuona 12, siku njema 20. Nikaona kama nimeonyeshwa Mombasa kwa darubini. Bei: 31,500. Ile elfu kumi na moja na mia tano ya juu ilikuwa mchango wangu wa robota lijalo, nikaitoa bila kuuliza swali la pili.

Kesho yake alfajiri nikaingia laivu. Dakika ya tatu, kimya. Mimi naongea, naona picha yangu inatembea vizuri, kumbe huko kwa watu nimeganda. Mteja akaniandikia, "Mama viatu, umezimia?" Mwingine akanitumia picha ya skrini yake: mimi hapo, mdomo wazi, jicho moja limefumba, raba ya kushoto hewani kama mtu anayeapa mahakamani. Siku hiyo niliuza pea mbili kwa laivu. Kawaida hazipungui kumi.

Nikalaumu mtandao, kama mnavyofanya nyote. Lakini mama anayeuza soksi kando yangu ana simu ya 4G ya elfu 14, mtandao ule ule, mabati yale yale juu ya vichwa vyetu, na alikuwa anatazama video bila kukwama hata mara moja. Tukabadilishana laini. Yangu kwenye simu yake ikapaa. Yake kwenye simu yangu ikaganda. Akanirudishia simu kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha nguo yenye chawa.

Nikapeleka kwa fundi wa Muthurwa. Hakuifungua hata. Aliingia kwenye mipangilio, akasoma namba ya modeli, akaitafuta mtandaoni, akaanza kutikisa kichwa. Alivyonieleza ni hivi, na ningemlipa mtu anieleze haya kabla ya kwenda Luthuli.

4G si kitu kimoja. Inasafiri kwa masafa tofauti ya mawimbi ya redio, na kila simu imeundwa kusikia baadhi yake tu. Huku kwetu 4G iko kwenye masafa kama 800 na 1800 megahertz. Ile ya 800, mafundi wanaita bendi ya 20, ndiyo inayofika mbali na kupenya ukuta, kwa sababu masafa ya chini hayachoki haraka. Marekani hawatumii bendi ya 20. Wana zao. Kwa hiyo kuna modeli zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni za simu za kule ambazo bendi hiyo haimo, na yangu ni mojawapo. Inategemea 1800, ambayo nje barabarani ni sawa, lakini ukiingia chini ya mabati ya Gikomba inaanza kuhema. Jina la simu ni lile lile, rangi ile ile, kasha lile lile. Tofauti iko kwenye herufi mbili za mwisho za modeli.

Na 5G yenyewe? Ipo Nairobi, sibishi. Safaricom walianza majaribio Machi 2021, Airtel wakaja nayo 2023. Lakini sehemu kubwa ya 5G ya mwendo mkali iko kwenye masafa ya juu, kama gigahertz 3.5, na hayo ukuta wa mawe yakikutana nao yanashika adabu. Mimi naishi Pipeline, nyumba ya chini kabisa, ambako saa saba mchana tunawasha taa kwa sababu ghorofa ya jirani imesimama puani. Jua halifiki hapo, 5G itafikaje? Nimeiona alama ya 5G kwenye hii simu mara moja tu, nikiwa ndani ya matatu Kenyatta Avenue. Nilifurahi mpaka taa zikawa kijani.

Sasa ngojeni sehemu iliyonikata maini. Fundi akaniuliza, "Alipokupimia dukani, alitumia laini yako?"

Nikanyamaza. Laini yangu wakati ule ilikuwa kwenye pochi, ndani ya simu iliyovimba. Simu ya dukani haikuwa na laini yoyote. Ule mshale uliopanda mpaka 180 ulikuwa Wi-Fi ya duka. Faiba ya ukutani! Nilikuwa nakodolea namba, sikuangalia alama juu ya skrini. Angeweza kunipimia na redio na ningelipa.

Nikarudi. Kijana akanionyesha muhuri kwenye risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kisha akaniambia kwa upole, na upole ndio ulioniudhi, "Sista, 5G si iko? Shida ni eneo lenu." Nikamtajia Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012, kwamba kumdanganya mteja kuhusu uwezo wa bidhaa ni kosa. Akasema nipeleke popote nitakapo, halafu akanipa ofa: nirudishe hiyo na niongeze elfu nane nichukue nyingine. Niongeze! Mimi nauza mtumba, naujua mtumba. Mteja wangu anapinda soli, anaingiza mkono ndani, ananusa, anavaa miguu yote miwili na kutembea mpaka kwa mama soksi na kurudi. Sijawahi kumpimia mtu kiatu kwa mguu wangu.

Kuna jambo lingine ambalo hakuna duka linakuambia. Zile namba kubwa zinazopigiwa kelele ni za kupakua. Mimi kazi yangu ni kupakia, picha inatoka kwangu kwenda kwa watu, na huko hali ni nyingine kabisa. Mnara una nguvu ya makumi ya wati wa kukufikia. Simu yako ina karibu milliwati 200 za kujibu, yaani moja ya tano ya wati. Ni kama jirani mwenye kipaza sauti anaongea na mtu mwenye mafua. Wewe unamsikia, yeye hakusikii. Ndiyo maana ukiwa mahali mtandao ni hafifu, video ya mwenzako utaitazama vizuri tu, lakini laivu yako inakufa ya kwanza. Kwa hiyo ukinunua simu ya kazi kama yangu, angalia namba ya kupakia, ile ndogo ya pili ambayo kijana wa duka huwa ameifunika na kidole gumba.

Na bando. Laivu yangu ikienda vizuri inakula kama megabiti 2 kwa sekunde. Gawanya kwa nane upate megabaiti: robo kwa sekunde, 15 kwa dakika, 900 kwa saa. Karibu GB nzima kila alfajiri, na hapo sijatazama kitu cha mtu mwingine. Kasi ikiongezeka bando halijui kujizuia. Programu za video zikiona mtandao uko juu zinajipandishia ubora zenyewe, unamaliza ulichonunua kwa wiki ukitazama mpira kwa saa mbili. Hata kule kupima kasi kunakula. Mtandao ukiwa wa 300, kipimo cha sekunde kumi kinaweza kumeza megabaiti 375, upate namba ya kutambia marafiki.

Najua wanaokuja hapa kusema "4G inatosha, 5G ni maringo." Kwa kutazama, mko sawa. Video ya 1080 inataka kama megabiti 5, na 4G yenye afya inazo na zinabaki. Mpesa ya nyota na reli haihitaji data kabisa. Lakini msinigeuzie uzi. Kasi kwangu ni muhimu kuliko kamera ya megapikseli mia moja, ni muhimu kuliko kioo cha kukunja. Ningelipa hiyo 31,500 tena kesho kama ningepata kasi yenyewe, saa kumi na moja na robo, chini ya mabati, kuelekea juu. Nilichouziwa ni herufi na tarakimu kwenye kasha.

Betri nayo, niiseme haraka. Simu ikikaa inatafuta mtandao ambao haupo, inachemka na kujimaliza. Na simu ya zamani nilikuwa nafika saa nane na asilimia 40. Na hii nikawa saa tano naomba chaja kwa muuza chai. Nimezima 5G kwenye mipangilio, sasa nafika saa saba. Yaani nimelipa elfu kumi na moja na mia tano kwa kitufe cha kuzima.

NYONGEZA, saa tatu usiku

Nimesoma majibu yenu. Aliyesema "ungenunua mpya": kaka, nimesomesha watoto wawili kwa vitu ambavyo wengine walishavaa, siwezi kuuogopa mtumba leo. Tena kwa fundi kulikuwa na kijana ana iPhone 14 ya soko la Marekani, haina hata tundu la laini, ni eSIM tupu, laini isiyo na kadi, naye alikuwa ameambiwa tundu "liko ndani". Angalau yangu ina tundu.

Aliyeuliza jina la duka, sitaji. Sitaki kesi juu ya hasara.

Anayeuliza sasa natumia nini: nimeazima ya shemeji, 4G, kioo kina ufa kutoka kona hadi kona. Leo alfajiri nimeuza pea kumi na moja.

Na hii ya 5G naiuza. Elfu 24, na chaja. Kama unaishi ghorofa za juu au kazi yako iko katikati ya jiji, itakufaa kweli, kamera yake ni safi na haina mkwaruzo. Njoo Gikomba na laini yako mwenyewe. Tutazima Wi-Fi, tutapima ndani ya kibanda, tutapima nje barabarani, kisha tutapanda matatu pamoja mpaka unapolala tupime na huko. Nauli ya kwenda ni yangu.