Poti ya Sudi: gumzo la kikundi cha Watu wa Likoni

Jumamosi asubuhi

Mama Sudi: Assalaam alaykum nyote. Mama shikamoo, Mama Mdogo shikamoo, Mjomba shikamoo. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa tena. Sudi ametimiza miaka 2 na miezi 3, nepi hazitaki tena, akichafuka huivua mwenyewe. Baba yake alileta kikalio cha plastiki cha kuweka juu ya choo cha kukaa. Siku ya kwanza alikaa vizuri. Siku ya pili kikateleza kidogo, akanikamata shingo akalia mpaka sauti ikamkauka. Tangu hapo akiona mlango wa choo uko wazi hukimbia. Sasa nafikiria poti ya chini, lakini ziko za kila sampuli. Ninunue ipi?

Mishi: Waalaykum salaam dada. Mama asema marahaba. Yuko jikoni akuna nazi, nimemsomea.

Wifi Amina: Waalaykum salaam wifi. Mimi wangu nilimchukulia ile ya umbo la gari, ina usukani na inaimba. Aliipenda mno.

Mama Sudi: Alijisaidia humo wifi?

Wifi Amina: Hapo ndipo penye taabu. Aliisukuma sebuleni wiki nzima, kwake yeye lile ni gari. Akibanwa aenda nyuma ya mlango. Halafu mkojo ukaingia penye betri, muziki ukafa, na harufu ikakwama kwenye maungio ya plastiki, haikutoka kwa sabuni wala kwa jua. Nakwambia ili usiingie hasara niliyoingia mimi.

Mjomba Kassim: Marahaba mwanangu. Hapa sokoni Kongowea nina poti za aina tatu. Moja ni poti ya kipande kimoja, nyepesi, shilingi 350. Ya pili ina bakuli la kuchomoa na mfuniko, 900. Ya tatu ni kiti kikubwa chenye mgongo na mikono, 2,400. Hiyo ya tatu ndiyo wazazi wengi huiulizia kwa sababu ya umbo lake. Lakini mwambie kwanza Mama Mdogo wako, yeye ndiye ashindaye na watoto kliniki.

Mama Mdogo Zuhura: Marahaba. Poti tutaifikia. Kwanza nijibu haya. Sudi apata choo kila siku? Ni laini au kigumu? Akitaka kwenda hufanya nini?

Mama Sudi: Hapo umenigusa. Yapita siku tatu, mara nyingine nne. Kikitoka ni vidonge vidonge kama vya mbuzi. Akibanwa hujificha nyuma ya pazia, ajikaza miguu imebanana, uso mwekundu. Nikimsogelea ananifukuza. Nilidhani ni ukaidi.

Mama Mdogo Zuhura: Si ukaidi mwanangu, ni maumivu. Mtoto huumia mara moja, siku ya pili akihisi haja aizuia. Akiizuia, utumbo waendelea kufyonza maji, choo chazidi kuwa kigumu, kikija kutoka chaumiza zaidi. Ndivyo anavyozunguka humo humo. Ukimkalisha kwenye poti yoyote sasa hivi, hata ya dhahabu, ataichukia poti kwa sababu ya uchungu usio wake. Kuna damu?

Mama Sudi: Juzi niliona mstari mdogo tu juu ya kinyesi.

Mama Mdogo Zuhura: Basi Jumatatu mpeleke aonwe. Mara nyingi ni mchaniko mdogo wa ngozi, lakini aonwe. Kama atahitaji dawa ya kulainisha utapewa yenye kipimo cha umri wake, usijinunulie dukani. Na maziwa anywa kiasi gani?

Mama Sudi: Vikombe vinne, mara nyingine vitano. Chakula chenyewe hula kidogo.

Mama Mdogo Zuhura: Punguza yafike vikombe viwili, kama nusu lita kwa siku. Maziwa mengi humshibisha asile, na hufunga choo. Mpe papai, embe, mbaazi, mchicha, na maji mara kwa mara, joto hili la Mombasa mtoto hukauka upesi. Kipande cha sabuni asitiwe nyuma, penye njia ya haja, na mtu yeyote.

Mishi: Mama amecheka kidogo kisha akanyamaza. Asema zamani ndivyo walivyofanya.

Mama Mdogo Zuhura: Najua dada yangu, na mimi nilitiwa. Lakini sabuni huchoma utando wa ndani, na mtoto anayeogopa tayari atazidi kuogopa.

Baba Sudi: Shikamooni wakubwa. Kile kikalio nilikileta mimi, nikaona ni bora azoee choo cha watu wazima moja kwa moja kuliko kumfundisha mara mbili. Nilikosea wapi?

Mama Mdogo Zuhura: Marahaba baba. Wazo si baya, kuna watoto huanza hivyo hivyo. Kilichokosekana ni miguu. Kaa wewe juu ya meza ndefu, miguu ining'inie, halafu jaribu kusukuma tumbo. Nguvu haina pa kushika. Sudi yuko juu, hagusi chini, kikalio chacheza, na maji yakivutwa choo changuruma chini ya makalio yake. Mtazame Mama yenu hapo jikoni alivyokaa juu ya mbuzi ya nazi: nyayo zote chini, magoti yamepanda kidogo kuliko nyonga. Mkao ule ndio autakao mtoto. Magoti yakipanda, njia ya haja kubwa hunyooka na msukumo huwa mwepesi.

Mishi: Mama aniambia niandike maneno yake yote, nisikate. "Mimi niliwalea saba bila poti. Nalikuwa naketi chini uani, miguu nimeinyosha, mtoto namweka juu ya nyayo zangu amenitazama, namshika mikono. Mkojo namgeuza ampe mgongo. Namfanyia sssss. Hajafika miezi sita, asikia sauti akojoa. Hizo nepi zamfanya mtoto asijijue."

Wifi Amina: Miezi sita Mama?!

Mama Mdogo Zuhura: Ni kweli kabisa, na imeandikwa. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti juu ya Wadigo wa pwani hii yetu. Walieleza mama anavyoanza katika wiki za mwanzo tu baada ya kuzaa, mkao huo huo wa miguuni na sauti hiyo hiyo, na watoto wakawa wakavu mchana na usiku kufikia miezi mitano au sita. Wakati ule huko kwao madaktari walikuwa wakifundisha kwamba mtoto hawezi kuanza mpaka afikie mwaka mmoja na nusu au miwili. Nilipousoma chuoni nilimwona dada yangu mbele yangu, ameketi uani.

Mishi: Mama asema: "Wazungu wamekuja kuniangalia lini?" Lakini amefurahi, namwona.

Mama Sudi: Sasa Mama Mdogo, mbona sisi hatukufanya hivyo?

Mama Mdogo Zuhura: Kwa sababu wewe uliporudi kazini Sudi alikuwa na miezi mitatu. Njia ya Mama yataka mtu aliye na mtoto mchana kutwa, mgongoni au mapajani, amjue anavyojikunja kabla ya kukojoa. Usijilaumu. Sudi sasa ni mkubwa, ana utashi wake, na dalili anazo: aivua nepi, ajificha akibanwa, maana yake ajua kinachokuja. Hukaa mkavu kwa muda gani?

Mama Sudi: Akilala mchana huamka mkavu. Saa mbili zapita.

Mama Mdogo Zuhura: Basi yuko tayari. Na tazama, nyayo za Mama yenu ndizo zilikuwa poti. Mtoto yuko chini, magoti juu, ashikwa, haogopi kuanguka. Poti utakayonunua iwe na mambo hayo. Mpime Sudi kutoka nyuma ya goti mpaka unyayoni, halafu Mjomba apime poti zake kutoka chini mpaka penye kukalia.

Mama Sudi: Nimempima kwa futi ya cherehani. Sentimita 21, akiwa amesimama wima na kusimama penyewe ni shida.

Mjomba Kassim: Ya 350 ina sentimita 16. Ya 900 ina 18. Kile kiti kikubwa kina 25. Subhanallah, nimeuza vingapi hivyo.

Mama Mdogo Zuhura: Kiti kikubwa ondoa, miguu yake itaning'inia. Hivyo viwili vyafaa. Vibonyeze kwa mkono, Mjomba: ukiegemea upande mmoja, ipi yapinduka?

Mjomba Kassim: Ya 350 yainuka kidogo. Ya 900 ina mpira chini, haitelezi. Lakini nimeona jambo jingine, ile ya 900 mkojo waweza kupita kati ya bakuli na kiti, kuna ufa mzunguko wote.

Dada Mwanaisha: Samahani nimechelewa, nilikuwa madrasa. Hilo la ufa ni kubwa kuliko mnavyolidhani. Huku kwetu Majengo maji ya mfereji hayaji wiki nzima, nanunua kwa mitungi ya lita 20. Poti yenye bakuli nilikuwa nasuuza vipande viwili na bado yanuka. Ya kipande kimoja kata moja yatosha: sabuni, brashi, suuza, anika juani. Na kuchamba je? Mnunuliapo poti hamfikirii kuchamba. Chukua yenye mdomo mpana, mtoto akiinama kidogo mbele mkono na kopo vyaingia, maji yadondoka humo humo, humwinui akatembea na uchafu hadi bafuni.

Mama Sudi: Wallahi dada hilo sikulifikiria kabisa.

Dada Mwanaisha: Na kile kidude kinachosimama mbele kwa ajili ya watoto wa kiume, angalia kiwe kifupi na cha mviringo, kimefinyangwa pamoja na poti. Twalib wangu alikuwa na cha kupachika, akaketi vibaya kikamkwaruza, wiki mbili hakukaa tena. Mfundishe tu kuukandamiza uume chini kabla ya kukojoa. Kusimama atajifunza baadaye kwa kumwona baba yake.

Mama Mdogo Zuhura: Mwanaisha amemaliza. Nitaongeza moja tu: kinyesi chamwagwa chooni, hakitupwi mtaroni wala kwenye takataka. Watu hudhani cha mtoto hakina madhara, kumbe kina vijidudu vile vile. Kisha mikono kwa sabuni, yake na yako.

Baba Sudi: Swali langu. Mchana Sudi yuko Likoni kwa Mama, na choo cha huko ni cha shimo. Usiku yuko Tudor, choo ni cha kukaa. Nivuke kivuko asubuhi na jioni na poti mkononi?

Mishi: Na shimo letu ni pana, mimi mwenyewe humshika mikono miwili akisogea karibu.

Mama Mdogo Zuhura: Ndiyo maana kikalio hakingefaa hata kama kisingeteleza, huko Likoni hakina pa kukaa. Nunueni poti mbili sawa sawa, rangi moja. Mtoto wa umri huu hushika kitu alichokizoea. Kikalio usikitupe, kiweke juu ya kabati. Baada ya miezi kadhaa atakirudia, lakini kiwe kimekaza bila kucheza na fundi akupigie kibao cha kukanyagia.

Mama Sudi: Mbili za 350 ni 700, chini ya bei ya moja yenye bakuli. Lakini Mjomba kasema ile yainuka.

Mjomba Kassim: Subiri kidogo.

Mjomba Kassim: Nimezunguka kwa jirani yangu. Ana ya kipande kimoja, kitako chake chini ni kipana kuliko juu, mdomo mpana, mbele pameinuka kidogo kwa mviringo. Sentimita 17. Nimeiegemea kwa nguvu haikuinuka. 450. Nakuchukulia mbili, za kijani.

Mama Sudi: Allah akuweke Mjomba. Baba Sudi atapita alasiri.

Mama Mdogo Zuhura: Wiki hii ya kwanza msimwambie ajisaidie. Iwekeni mahali anapocheza, akae na nguo zake, ampakate simba wake wa kuchezea humo akitaka. Choo kikishalainika ndipo mumkalishe bila nguo kila akishakula, ikipita kama robo saa hivi, kwa sababu chakula kikiingia tumbo huamka. Dakika tatu nne, akitaka kuinuka ainuke. Kaptula za mpira kiunoni, zisiwe za zipu wala vifungo. Ajali zitatokea, futeni bila kumfokea. Usiku mwacheni na nepi, huo una wakati wake.

Jumatano wiki iliyofuata

Mama Sudi: Daktari alimwona. Ni mchaniko kama alivyosema Mama Mdogo, amepewa dawa ya maji ya kulainisha. Jana choo kimetoka laini, bila kulia. Kilitoka kwenye nepi lakini, nyuma ya pazia pale pale.

Mama Mdogo Zuhura: Alhamdulillah. Hilo la nepi lisikusumbue. Kesho sogeza poti nyuma ya pazia.

Mama Sudi: Nyuma ya pazia?

Mama Mdogo Zuhura: Pale ndipo anapojisikia salama. Mpelekee poti alipo. Na nepi ikichafuka, kimwage kinyesi kwenye poti mbele yake, kisha chooni, aone kinakokwenda.

Mishi: Jamani nimekimbilia simu. Sasa hivi uani. Mama kaketi mkekani miguu kainyosha, Sudi kaja na poti yake akaiweka katikati ya miguu ya Mama akakaa, bila kuambiwa na mtu. Kaptula hajaivua lakini kakaa. Mama akamshika mikono, akafanya sssss.

Mama Sudi: Ee Mola. Akafanya nini?

Mishi: Akamtazama Mama usoni. Kisha akakojoa na kaptula yake. Sasa aivuta aivue, ataka kuimimina mwenyewe, na poti yenyewe kavu.

Baba Sudi: Naja na kaptula nne jioni. Nepi za mchana nisinunue tena?

Mishi: Mama asema usinunue. Asema pia ukivuka mletee papai, kubwa.