Mjadala: Historia iingie kwenye kipindi cha kusoma tangu darasa la kwanza, au isubiri?

Wakuu habari za muda huu. Kuna hoja naisikia sana kwa walimu na wazazi, kwamba mtoto wa miaka sita saba ajue kwanza kusoma, mambo ya historia yatakuja huko mbele akishakomaa. Mimi napinga, na napinga kwa nguvu, manake hiyo "kwanza" ndo inayotuharibia.

Angalieni vitabu vingi vya kuanzia kusoma. Baba ana bata. Bata ana bawa. Mtoto anasoma weee mpaka ukurasa unaisha na hakuna kilichotokea. Kiswahili kinaandikwa karibu vile vile kinavyotamkwa, mtoto akishashika silabi anaweza kukusomea hata gazeti kwa sauti bila kukwama, alafu muulize umesoma nini, anakutazama tu. Yaani kwetu kutamka hakutusumbui muda mrefu, kazi iko kwenye kuelewa, na kuelewa kunataka mtoto awe na mambo ya dunia kichwani. Watafiti wa kusoma, Gough na Tunmer, walishaliweka hili tangu 1986, wakasema kusoma ni kutambua maneno kuzidisha kuelewa lugha, sasa ukizidisha na sifuri unajua jibu lake.

Na kuna utafiti wa Recht na Leslie, Marekani, 1988. Walichukua wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane wakawapa habari ya mechi ya besiboli waisome. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo wakaelewa na kukumbuka kuliko wasomaji wazuri wasioujua! Kwahiyo ujuzi wa jambo lenyewe unabeba kusoma, na mtoto hawezi kuupata kutoka kwa bata.

Mfano wangu huu hapa. "Ndugu wawili waliunda ndege. Ndege iliruka. Ilikaa hewani sekunde kumi na mbili." Hiyo ni tarehe 17 Desemba 1903, ndugu wa Wright, wale Wamarekani walioanza kurusha ndege ya injini, na hakuna sentensi hapo itakayomshinda mtoto anayemaliza darasa la kwanza. Wakishasoma, darasa zima lihesabu pole pole mpaka 12, safari imeisha. Watoke nje wapime mita 37 wazione kwa macho, ndipo ndege ile ilipofika. Wamesoma, wamehesabu, wamejua jambo la kweli ambalo hawatalisahau. Au huyu: "Mfalme alikuwa mtoto." Tutankhamun wa Misri alianza kutawala akiwa na miaka kama 9, kaburi lake likagunduliwa 1922. Mwambie mtoto wa miaka saba kwamba kulikuwa na mfalme aliyemzidi miaka miwili tu, uone kama atataka kufunga kitabu.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada heshima yako, lakini mi nafundisha madarasa ya chini na nadhani unaongelea darasa la kwenye makaratasi. Mtoto wa umri huo "jana" kwake ni siku yoyote iliyopita, ukimwambia mfalme aliishi zaidi ya miaka 3,300 nyuma umemwambia nini hasa? Alafu nusu ya darasa bado wanahangaika na mwa, mwe, mwi, unaniletea Tutankhamun nimpeleke wapi? Kipindi ni kifupi, watoto ni wengi. Acha wajue kusoma.

Mchangiaji wa pili

Mimi hofu yangu ni nyingine kabisa. Historia ya watoto wadogo mara nyingi inageuka nyimbo za kuwasifu wakubwa, na mtoto wa miaka sita hana ubavu wa kubisha, kilichoandikwa kitabuni kwake ni kweli tupu. Na yale mazito je, utumwa, vita, ubaguzi? Ukiyasema yote unamtisha, ukiyaficha umemdanganya.

Mleta mada

Mwalimu, nakusikia, ila hapo tumechanganya vitu viwili. Kuna anachosoma mtoto mwenyewe na kuna unachomsomea wewe kwa sauti. Mtoto asome "mfalme alikuwa mtoto", hilo jina refu na habari za kaburi na dhahabu ni kazi yako, dakika chache, wao wanasikiliza na kuuliza. Wa mwa, mwe, mwi naye anasikiliza na kuelewa kama wenzake, siku akijua kuunganisha silabi atakuta maneno yenyewe anayafahamu. Na miaka 3,300 hatumdai aielewe. Aanze na kupanga, picha tatu tu, ipi ilitangulia ipi ikafuata, bibi alipokuwa mtoto, mama alipokuwa mtoto, mimi. Tarakimu zitakuja baadaye. Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika 1960 kwamba somo lolote laweza kufundishwa kwa mtoto wa hatua yoyote, mradi kwa namna ya uaminifu inayomfaa.

Ndugu wa pili, hofu yako ni ya kweli na ndo maana nataka kila habari ifungwe na swali moja: tunajuaje? Wa ndege, kuna picha iliyopigwa siku ile ile. Wa Misri, kuna kaburi. Hadithi ya sungura tumeitunga, hii ilitokea, na mtoto aambiwe tofauti hiyo waziwazi, tena kila mara. Mtoto aliyezoea kuuliza tunajuaje, huyo nyimbo za sifa zitapata shida naye.

Kwenye mazito, chagua mlango wa saizi yake. Novemba 1960 kule New Orleans, Marekani, Ruby Bridges, mtoto mweusi wa miaka sita, alisindikizwa na maofisa wa serikali kuu kuingia shule ya wazungu, wazazi wengi wakawaondoa watoto wao, akafundishwa mwaka mzima peke yake na mwalimu mmoja. Hujaficha ubaguzi hapo, wala hujaonesha damu. Mtoto wa miaka sita anajua vizuri sana kukaa peke yako darasani kunakuwaje.

Mchangiaji wa kwanza

Hilo la kumsomea kwa sauti nimelielewa na ndege nitaijaribu, kuhesabu mpaka 12 watafurahi. Huyo wa Misri bado, mpaka wajue kupanga zile picha tatu bila kukosea.