Kurekodi mfuatano wa kodi ili piano ya kidijitali isindikize kwaya

MwalimuWaKwaya_Moro aliuliza:

Ndugu wanamuziki, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa hapa Morogoro, na ndiye mpiga kinanda pekee tuliye naye. Kwa kuwa wanakwaya wengi ni wapya na nyimbo zetu zina sauti nne, siwezi kuwaongoza ipasavyo nikiwa nimeketi kwenye kinanda, hivyo nimeamua kurekodi usindikizaji mapema, yaani staili (mdundo wa ngoma, besi na vyombo vingine uliotayarishwa ndani ya kinanda) pamoja na kodi zake (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), ili wakati wa kuimba niuwashe na kusimama mbele yao. Piano yetu ya kidijitali ina staili, ina kitufe cha kurekodi na ina mahali pa kuchomeka flashi.

Nimekwama katika mambo mawili. La kwanza, ninapobadili kodi kwa mkono wa kushoto huku narekodi, hasa kutoka F kwenda G7 ndani ya baa moja, yaani kipimo kimoja cha mapigo, ninachelewa kidogo, na gitaa la besi hupiga nota ya kodi iliyopita kabla ya kuhamia kwenye mpya. Waimbaji wa sauti ya nne hujishikiza kwenye besi hiyo, kwa hiyo nao hukosea. La pili, wimbo niliourekodi katika kii ya C ulikuwa chini mno, nikalifungua faili kwenye kompyuta na kupandisha nota zote nusutoni mbili ili ufike D. Piano, besi na vinanda vingine vilipanda vizuri, lakini ngoma zote ziliharibika. Naomba msaada, kwa maana tunasindikiza ibada ya ndoa mwishoni mwa mwezi.

FundiVinanda alijibu:

Mwalimu, nianze na hilo la ngoma. Faili ulilorekodi ni la MIDI, ambalo halihifadhi sauti bali maagizo: bonyeza nota fulani, kwa nguvu kiasi fulani, iachie baada ya muda fulani. Kwa piano, nota 60 ni C ya katikati, na ukiipandisha mbili unapata D. Kwa ngoma, namba haielezi wimo wa sauti, inataja chombo. Namba 36 ni ngoma kubwa na 38 ni ngoma ndogo, kwa hiyo ulipoongeza mbili kila mahali, kila pigo la ngoma kubwa liligeuka kuwa la ngoma ndogo, na matoazi yaliyo wazi, ambayo ni namba 46, yakawa ngoma ya tomu.

Kwa kawaida ngoma hukaa kwenye chaneli ya 10 (chaneli ni njia yenye namba inayobeba maagizo ya chombo kimoja), lakini vinanda vya Yamaha vinaporekodi staili huandika usindikizaji kwenye chaneli 9 hadi 16, na mdundo hugawanywa kati ya 9 na 10, hivyo usiguse hata moja kati ya hizo mbili. Njia iliyo salama zaidi ni kuacha faili lilivyo na kutumia kitufe cha kuhamisha kii kwenye piano yenyewe, kwa sababu chenyewe huziacha ngoma mahali pake.

Mpiga_Kinanda_Tanga alijibu:

Kuhusu kuchelewa, tatizo hili linawapata wengi, na mara nyingi kasi ya vidole si chanzo chake. Kinanda husoma vibao vyote vilivyobonyezwa upande wa kushoto wa mpaka uliowekwa, kisha hutafuta jina la kodi. Ukiwa umeshika F, A na C, halafu ukateleza taratibu kuelekea G, B, D na F, kuna sehemu ndogo ya sekunde ambayo vidole vya kodi ya zamani na vya kodi mpya vipo pamoja, na kinanda hukisia kodi ya tatu ambayo hukuikusudia. Kwa vinanda vingi staili huendelea na kodi ya mwisho hata baada ya kuinua mkono, kwa hiyo inua mkono wote mapema bila hofu, andaa umbo la G7 hewani, kisha bonyeza nota zote kwa pamoja kabla kidogo ya pigo. Nasema kidogo, kwa kuwa ukitangulia kwa nusu pigo besi nayo itatangulia.

Rekodi pia kwa kasi ya chini. Wimbo wa mapigo 96 kwa dakika urekodi kwa 60, kisha uirudishe kasi baadaye. Maagizo ya MIDI hayaharibiki kama sauti iliyorekodiwa. Na kabla ya yote soma kitabu cha maelekezo uone kama kinanda chako kinaruhusu kuandika kodi hatua kwa hatua, yaani kuweka G7 kwenye baa ya 5, pigo la 3, bila kupiga chochote. Baadhi ya vinanda, kama Yamaha PSR-SX900 na Korg Pa1000, vinaweza kurekodi mfuatano wa kodi peke yake na kuurudia, na hapo unaweza kubadili staili bila kurekodi upya.

Msindikizaji_Mombasa alijibu:

Nakubaliana na ndugu zangu, ila naomba niongeze jambo ambalo mimi ninalihesabu kuwa zito kuliko yote. Usindikizaji uliorekodiwa hauwasubiri waimbaji. Kwa hiyo, kabla ya kurekodi, imba wimbo wote mwenyewe huku ukihesabu baa, na uache nafasi ya kuvuta pumzi kati ya ubeti na kiitikio, hata kama ni baa moja tu ya ngoma. Andika idadi ya beti kwenye karatasi, kwa sababu ukirekodi beti tatu na bwana harusi akaomba ya nne, huna la kufanya.

Tena chagua staili iliyotulia. Staili yenye besi inayorukaruka huipoteza sauti ya nne zaidi ya kuchelewa kwako.

MwalimuWaKwaya_Moro alijibu:

Nawashukuru sana. Jana usiku nilirekodi upya kwa kasi ya 60, nikiinua mkono mapema kama nilivyoelekezwa, na F kwenda G7 sasa inasikika safi. Nimepandisha hadi D kwa kitufe cha kuhamisha kii, na ngoma zimebaki salama. Limebaki swali moja: kwenye kiitikio nahitaji kodi ya C yenye G kwenye besi, lakini kinanda kinapiga C kwenye besi hata nikiweka G chini.

Mpiga_Kinanda_Tanga alijibu:

Badili namna ya kusoma vidole, Mwalimu. Kwenye mipangilio ya kodi chagua ile inayoifuata nota ya chini kabisa kama besi, kisha urekodi kiitikio pekee. Kumbuka tu kwamba ukiwa na mpangilio huo, kila kodi utakayoipindua, yaani utakayoipiga bila nota yake ya msingi chini, itabadilisha besi, kwa hiyo F na G7 zipige zikianza na nota zake za msingi.