Naomba ushauri: mdahalo wa dini na vyama vya kihafidhina

Wakuu, salaam kutoka Masasi. Nasimamia klabu ya midahalo ya kidato cha tano na sita, na vijana wamechagua mada yao wenyewe: je, imani ya dini ina nafasi katika chama cha kihafidhina? Darasa ni mchanganyiko, Waislamu na Wakristo, na huku kwetu nyumba moja unakuta wote wawili. Sitaki mdahalo ugeuke mahubiri.

Upande wa kuunga mkono wameishika CDU, chama cha kihafidhina cha Ujerumani chenye jina la Kikristo (Christian Democratic Union). Wana hoja: chama hicho kilianza 1945, kikawaweka Wakatoliki na Waprotestanti meza moja, na Angela Merkel aliyekiongoza miaka mingi ni binti wa mchungaji. Wapinzani wamejibu na Uingereza, ambako chama cha Conservative, kilichokuwa karibu na Kanisa la Anglikana tangu zamani, kiliongozwa na Rishi Sunak, Mhindu, kuanzia 2022 hadi 2024. Hapo mimi mwenyewe naona wapinzani wamepiga vizuri.

Kinachonitatiza ni hapa nyumbani. Ibara ya 20 ya Katiba yetu hairuhusu kusajili chama chenye lengo la kukuza maslahi ya dini fulani. Binti mmoja kaniuliza: mgombea akianza hotuba kwa dua, kavunja nini? Sikuwa na jibu la haraka.

Walimu na wanasheria, mpaka kati ya imani ya mgombea na chama cha dini niwaeleze vipi? Na je, nimwalike shehe na padri, au nitakuwa nachochea moto?