Kadi ya NCPWD tayari anayo, mbona Inua Jamii haiji?

Mhudumu_LungaLunga
Salaam wanajamvi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kwale. Kuna mtoto wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo, hakai bila kushikwa. Mamake alipata ripoti ya tathmini hospitalini na kadi ya NCPWD (Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu) ikatoka. Aliambiwa kadi ikitoka, pesa za Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya kwa pesa, zitaingia kwenye simu. Hadi leo kimya. Sasa anatafuta pia kiti cha magurudumu na shule. Aanzie wapi? Sitaki azungushwe tena, nauli ya mjini yenyewe ni mzigo.

Ustawi_Pwani
Aliyemwambia hivyo amechanganya ofisi mbili. Kadi ni ya NCPWD. Inua Jamii inasimamiwa na Idara ya Ulinzi wa Jamii, na majina huingia wakati wa usajili tu: kaya inahojiwa, kisha orodha hupitiwa barazani. Kadi inathibitisha ulemavu, haimpeleki mtu kwenye orodha.

Fungu la ulemavu la Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji uangalizi muda wote, na anayepokea ni mlezi. Kama nyumbani humo kuna nyanya anayepokea fungu la wazee wa miaka 70 na zaidi, mliseme mapema, maana kinachohesabiwa ni kaya.

Asiishie kwa chifu. Aende kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo aulize: kaya yetu imesajiliwa? Kama imesajiliwa, imekwama hatua gani? Abebe kitambulisho chake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi na nakala za ripoti (ile halisi asiiache ofisi yoyote). Mlezi atakayeandikwa awe yule anayeishi na mtoto, na laini ya simu iwe kwa jina lake. Akina mama wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mume, na hapo ndipo malipo hugoma.

Fizio_Mombasa
Kuhusu kiti: ombi linapelekwa ofisi ya NCPWD ya kaunti, na kadi hapo ndiyo yenye kazi. Lakini msipokee kiti chochote kile, tafadhali. Kile cha kukunja cha hospitali, chenye kitambaa kinacholegea, kinamwumiza mtoto kama huyu. Nyonga zinateleza mbele, mgongo unapinda, kichwa kinaanguka, na kulisha kunakuwa hatari kwa sababu chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Anahitaji kiti chenye egemeo la kichwa, vizuizi vya ubavuni, mkanda wa nyonga na pa kukanyagia miguu.

Fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) ampime akiwa amekalishwa wima: upana wa nyonga, urefu kutoka makalio hadi nyuma ya goti, na kutoka goti hadi kisigino. Kalio la kiti libakize nafasi ya vidole viwili hivi nyuma ya goti. Likiwa refu zaidi mtoto atateleza tu. Vipimo viandikwe kwenye barua ya ombi. APDK (chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya) wana kliniki Port Reitz, Mombasa, nao hushughulika na viti vya aina hii. Na mtoto hukua, kwa hiyo mwulize mtoaji kama kiti kinarekebishika.

Mhudumu_LungaLunga
Ahsanteni sana. Cheti cha kuzaliwa kipo. Na shule je? Mwalimu mkuu wa hapa anataka kadi kwanza.

Mwalimu_EARC
Kadi si sharti la kuandikishwa shule. Kinachotakiwa ni tathmini ya elimu, nayo hufanywa na EARC, kituo cha tathmini cha Wizara ya Elimu. Ile ripoti ya hospitali inaeleza ugonjwa. Yetu inaeleza mtoto anaweza nini na anafaa darasa gani: kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, shule maalum ya bweni, au kufundishwa nyumbani. Kwa mtoto asiyekaa mwenyewe, ulizeni kwanza kama shule ina msaidizi wa kumlisha na kumbadilisha. Bweni lisilo na msaidizi mlikatae.

Mwalimu akishampokea, hakikisheni amemwingiza kwenye mfumo wa wizara kama mwanafunzi mwenye mahitaji maalum. Akiandikwa kama wengine, lile fungu la nyongeza la serikali haliji shuleni, halafu mzazi ndiye anayeombwa michango.

Ustawi_Pwani
Naongezea: ofisi ya NCPWD, ya maendeleo ya jamii na EARC mara nyingi ziko mji mmoja. Pigeni simu kabla, mjue siku ambayo maafisa wote watatu wapo, aende nauli moja.